Oktoba ile ya hisa za benki

Sheria ya kudhibiti riba ilipotiwa saini Agosti 2016, hisa za benki katika Soko la Hisa la Nairobi ziliporomoka, na kwa miaka mitatu barazani kwetu Mombasa hakuna aliyezitaja kwa hamu. Riba ya mkopo haikuruhusiwa kupita asilimia 4 juu ya ile ya Benki Kuu. Benki zikaona heri ziikopeshe serikali kwa hatifungani kuliko muuza mitumba wa Kongowea. Wawekezaji wengi walijificha Safaricom, nami nikiwamo.

Oktoba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kutia saini Mswada wa Fedha, akaurudisha bungeni akitaka kikomo kile kiondolewe. Wenzangu walitazama grafu. Mimi nilifungua Katiba. Kifungu cha 115 kinasema Bunge likitaka kumpinga Rais lazima lipate theluthi mbili, yaani wabunge 233. Kuwapata 233 ukumbini kwa wakati mmoja si kazi ndogo. Nikaamini kikomo kinakwenda.

Nikamwendea Ami, aliyenunua Safaricom kwa shilingi 5 mwaka 2008 na hajauza hata moja.

"Shikamoo Ami. Nataka kuhamishia nusu ya hisa zangu kwenye benki."

"Marahaba. Na Bunge likishinda?"

"Ndiyo maana nahamisha nusu, Ami."

Nilipompigia dalali wa hisa, wanunuzi wa hisa za benki ya KCB walikuwa wamepanga foleni na wauzaji hawaonekani. Bei ya hisa hairuhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa siku, na mwenye nazo alijua kesho atapata zaidi. Dalali akauliza aninunulie kwa bei yoyote ya soko. Nikakataa, nikataja bei yangu, agizo likasubiri. Likajazwa kidogo kidogo, leo mia, kesho mia mbili.

Ada ya dalali hukatwa ukiuza, ikakatwa tena ukinunua. Mwenye mtaji mdogo akirukaruka kila mwezi kutoka hisa za simu kwenda benki, kutoka benki kwenda saruji, mtaji unaishia kwenye ada. Kwangu mimi, sekta huhamwa sheria au riba inapobadilika, si kwa tetesi.

Novemba 5 wabunge hawakutimia. Novemba 7 Rais akatia saini sheria mpya, kikomo kikafutwa. Jioni Ami akapiga simu.

"Mwanangu, hizo benki hufunga vitabu vya gawio, kuorodhesha wenye hisa watakaogawiwa faida, mwezi gani?"