Mkulima Aliyegeuzwa Mwovu

Mwaka jana nilikuwa nikitafsiri makala ya historia kuhusu uasi wa wakulima wa Uingereza wa mwaka 1381, nikakutana na neno ambalo nilidhani nimelijua tangu utotoni. Neno lenyewe ni "villain". Katika hadithi na filamu za leo huyu ni adui mwenye roho mbaya anayepambana na shujaa, kwa hiyo niliandika "mwovu" nikaendelea. Aya mbili mbele, maana ikagoma: waovu walidaiwa siku za kazi katika shamba la bwana, waovu hawakuweza kumwoza binti bila kumlipa bwana ada, waovu walitaka kuachiwa huru. Nilifuta yote niliyoandika, na tangu siku hiyo neno hilo halijanitoka moyoni.

Asili yake ni Kilatini. "Villa" lilikuwa shamba kubwa pamoja na nyumba yake, na "villanus" akawa mtu wa shamba hilo. Neno liliingia Uingereza kwa njia ya Kifaransa cha Wanormandi, walioiteka nchi mwaka 1066. Na katika daftari la ardhi la mwaka 1086, ambalo mfalme William aliagiza liandikwe ili ajue nani anamiliki nini, hawa "villani" ndio kundi kubwa kuliko yote katika watu waliohesabiwa. Hapo neno halisifu wala halilaumu. Linamtaja mtu anayelima ardhi ya kabaila wake, ambaye baadaye sheria ilikuja kumfunga na ardhi hiyo, naye anahesabiwa pamoja na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, vinu na misitu.

Kutoka hapo hadi uovu, njia ilipita katika vinywa vya watu wasiolima. Kwa kabaila na watu wa nyumba yake, mtu wa shamba alikuwa mshamba. Mshamba hana adabu. Asiye na adabu hana heshima ya kuilinda, na asiye na heshima anaweza kutenda lolote. Kila hatua ni fupi, na kila hatua inaonekana kuwa na mantiki kwa yule anayetazama kutoka juu. Mwishoni mwa karne ya 16 maana zote mbili zilikuwa bado zinaishi pamoja, na Shakespeare alilijua jambo hilo vizuri: katika tamthilia ya As You Like It, kaka anamtukana mdogo wake kwa neno hili akimaanisha mhalifu, na mdogo anajibu kwa kutaja jina la baba yao, kana kwamba ametuhumiwa kuzaliwa na watu duni. Leo wanahistoria wa Kiingereza wamelazimika kuziachanisha maana hizo kwa tahajia, wakiandika "villein" wanapomtaja mkulima, ili asichanganywe na mhalifu aliyezaliwa kutokana na jina lake.

Laiti lingekuwa neno moja tu, ningelisahau. Lakini "knave" lilikuwa mvulana, kisha mtumishi, kisha laghai, na "churl" lilikuwa mtu huru wa tabaka la chini kabla ya kuwa mtu mkorofi. Linaloniuma zaidi ni "mean", ambalo katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kitu cha wote, cha pamoja. Kilicho cha wote kikahesabiwa kuwa cha hali ya chini, na leo neno hilo ni bahili au mtu mwenye roho mbaya. Upande wa pili wa mizani lipo "generous", kutoka neno la Kilatini la mtu mwenye nasaba bora, ambalo sasa ni mkarimu. Kwa hiyo lugha imempa ukarimu yule aliyezaliwa na vingi, na ubahili yule aliyeshirikiana na wenzake kidogo walichokuwa nacho. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna haki ya kushangaa sana, maana muungwana alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa, na mshenzi alikuwa mtu wa bara machoni pa watu wa pwani.

Najua kwamba si kila neno hubadilika kwa sababu ya matabaka. "Nice" lilimaanisha mjinga na sasa ni sifa. "Silly" lilimaanisha mwenye heri na sasa ni mpumbavu. Hayo yana historia nyingine. Wala sidhani kuna mtu aliyeketi akapanga kumtukana mkulima. Ninachosema ni kwamba waliokuwa na kalamu waliandika wanavyoona, na aliyetajwa hakuwa na mahali pa kuandika jibu.

Mwaka 1381 alijaribu kujibu kwa njia nyingine. Waasi walipokutana na mfalme Richard wa Pili huko Mile End, nje ya London, aliahidi kuwaondolea utumwa huo wa ardhi, na wiki chache baadaye, uasi ulipokwisha kuzimwa, akazifuta hati za ahadi hiyo. Hali yenyewe ilififia polepole katika karne zilizofuata, lakini tusi lilibaki. Katika tafsiri yangu nimeandika "mkulima asiye huru", maneno matatu mahali pa moja, na nimeyaacha hivyo kila mahali, hata pale ambapo maandishi ya zamani yaliyonukuliwa yalionekana kukusudia tusi.