Neno Lililo Kinywani: Tafakari ya Juma la Nitzavim

Juma hili tunafika kwenye fungu la Torati liitwalo Nitzavim, ambalo husomwa kila mwaka katika Sabato inayotangulia mwaka mpya wa Kiyahudi. Musa amewasimamisha Israeli wote, wakuu na wazee, wanawake na watoto, hata mkata kuni na mteka maji, akawaambia kwamba agano hili halifanywi na waliosimama pale peke yao, bali pia na yule asiyekuwapo pamoja nao siku ile. Wafasiri wetu husema kwamba asiyekuwapo ni kizazi ambacho bado hakijazaliwa. Mwaka huu nimeyasoma maneno hayo nikiwafikiria ndugu zetu wanaojiandaa kwa bar mitzva (ya mwanamume) au bat mitzva (ya mwanamke), yaani sherehe ya Myahudi kufikia umri wa kushika amri, wakiwa watu wazima, wengine wakiwa na wajukuu, ambao walizaliwa zamani lakini hawakuitwa mbele ya gombo la Torati wakati wao ulipofika.

Ni vyema tukumbuke sheria ilivyo. Mvulana akitimiza miaka 13, na msichana miaka 12, amri zinamhusu siku hiyo hiyo, hata kama hakuna sherehe iliyofanyika wala mtu aliyejua. Mtu mzima, basi, haendi sinagogi kupokea wajibu. Anao tangu utotoni, na aliyeongoka akawa Myahudi anao tangu alipotoka katika maji ya kuzamishwa. Anachokiandaa ni jibu.

Sababu za kuchelewa ni nyingi, na chache kati yake ni uvivu. Wanawake wengi hawakupewa nafasi hiyo walipokuwa wasichana. Judith Kaplan, binti wa Rabi Mordecai Kaplan, alipoitwa huko New York tarehe 18 Machi 1922, alisoma katika kitabu kilichochapishwa, si katika gombo lenyewe. Mwaka 1992, akiwa na miaka 82, alifanya bat mitzva yake kwa mara ya pili. Karibu nasi zaidi wako Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Mbale, Uganda, ambao kiongozi wao Semei Kakungulu aliishika Torati na kutahiriwa mwaka 1919. Watu wazima wa kizazi kile cha kwanza hawakuwa na utoto wa Kiyahudi wa kuurejea, walianzia ukubwani.

Kazi yenyewe ni ngumu, na sioni faida ya kuificha. Gombo, lililoandikwa kwa Kiebrania, halina irabu wala alama za mahadhi, kwa hiyo msomaji hujifunza katika kitabu chenye safu mbili, moja ikiwa na alama zote na nyingine ikiwa tupu kama gombo lilivyo, akihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili mpaka maneno yatulie ulimini. Wapo wanaoandikiwa kila kitu kwa herufi za Kilatini. Kwa baraka zinazotangulia na kufuata usomaji sina neno, ila kwa usomaji wenyewe njia hiyo haimfikishi mtu mbali, kwa kuwa siku ikifika herufi hizo hazimo mbele yake.

Hapa ndipo mtu mzima huchoka haraka kuliko mtoto, kwa sababu amezoea kuelewa jambo kabla ya kulisema. Lakini katika Kumbukumbu la Torati sura ya 30, Musa anasema kwamba neno li katika kinywa chako na moyo wako, upate kulifanya, na kinywa ndicho kinachotajwa kwanza. Rabi Akiva, kama mapokeo yanavyosimulia, alikuwa na miaka 40 na hajasoma lolote alipokwenda kwa mwalimu wa watoto pamoja na mwanawe, baba akashika ncha moja ya ubao na mtoto ncha ya pili, wakaandikiwa alefu na beti, herufi za kwanza za Kiebrania. Mwalimu mkuu wa Israeli alianza kwa kutamka herufi.

Wengine huogopa kusahihishwa mbele ya watu. Msomaji akikosea neno kwa namna inayobadilisha maana, anayesimama kando yake humrekebisha kwa sauti, naye hulirudia. Kanuni hiyo haimpendelei mzee wala rabi, na mtoto wa miaka 13 husahihishwa vivyo hivyo.

Kwa walimu nina ombi moja. Msingoje sherehe ipite ndipo mmtafutie mwanafunzi wenu usomaji mwingine. Mgawieni sasa mistari ya Sabato ya baadaye, hata kama ni mitatu tu, ambayo ndiyo idadi ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa mtu mmoja aliyeitwa, na jina lake liandikwe katika orodha ya wasomaji kabla hajaisoma ile ya kwanza.