Tatu kwa mbili

Jana usiku dogo wa la sita kanijia na daftari, "Baba, hii 45:30 wanasema rahisisha, sasa ikishakuwa 3:2 si hela zimepungua?" Nikacheka, halafu nikamkumbuka mama mdogo.

Enzi zile yeye na mama walikuwa na biashara moja ya ndizi, zinafuatwa Marangu zinakuja kumwagwa sokoni Mbuyuni, Moshi. Biashara ya ndizi mnaijua, zikianza kuiva zote kwa mpigo unauza kwa hasira. Mara hii mzigo ulitoka vizuri. Mama alikuwa ameweka elfu 45, mama mdogo elfu 30, kila mtu akarudisha mtaji wake, ikabaki faida elfu 20. Mama anasema tugawane kwa tulichoweka, mama mdogo kanuna tu. Nikaitwa mimi, msomi wa nyumba.

Kulikuwa na maharage kwenye ungo yanachambuliwa. Nikahesabu punje 45 upande huu, 30 upande huu, kila punje elfu moja. Nikachukua kipande cha mkaa nikaandika sakafuni 45:30, nikagawa kwa tano kotekote, 9:6, huku najieleza kwa sauti kama mwalimu, kwamba ukigawa pande zote kwa namba ileile uwiano haubadiliki ila ukigawa upande mmoja tu umeshadhulumu mtu. Mama mdogo aliishia la nne, na wala hakunisubiri. Kidole chake kilikuwa cheusi kwa utomvu wa ndizi, ule usiotoka hata kwa sabuni, akaanza kuzisukuma punje nacho, kumi na tano, kumi na tano, mafungu matatu kwa mama, mawili kwake, hakuna iliyobaki. "Si ndiyo hii? Tatu kwa mbili, hapo hukati tena." Aisee, hiyo 15 ndiyo KKS, kigawo kikubwa cha shirika, ile sisi darasani tunaisaka ubao mzima.

Basi, mafungu matano, elfu 20 kila fungu elfu 4, mama elfu 12, yeye elfu 8. Nikajiona jaji.

Akaziangalia zile punje. "Haya mwanangu, umehesabu vizuri. Na kule kuamka saa tisa usiku, na kubeba mikungu mpaka barabarani kusubiri haisi, kuko kwenye tatu au kwenye mbili?"

Maana Marangu alikuwa anaenda peke yake.

"We chukua hela yako bwana," mama akasema, yakaisha, tukala.

Ila mzigo uliofuata niliwasikia jikoni wanagawana elfu 18, tisa kwa tisa, na mtaji ulikuwa uleule, 45 na 30. Sikuitwa. Nani alimwambia nani nini sijui mpaka leo, na mama ukimgusia anakwambia kipindi kile ndizi zilikuwa zimepanda bei.