Ree haiozi

Karata ya kwanza ilipotua mezani nilikuwa nimeshashindwa, ila nilikuja kulijua hilo dakika tano baadaye. Ilikuwa baada ya isha, barazani kwa Mzee mmoja wa mtaa wa Shela hapa Malindi, taa inaning'inia kwenye boriti na kumbikumbi wanaizunguka. Tulikuwa tunacheza briji, na mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulikuwa tumeahidi kula mara tisa, yaani kushinda mizunguko tisa, bila turufu. Nilikuwa na alama 17 mkononi, shemeji ana 10, na alama 25 kwa watu wawili hutosha kuahidi hivyo. Nikajiegemeza ukutani kama mwenye nyumba.

Nitairudia karata hiyo. Kwanza niseme nilikotoka, maana nusu ya makosa yangu nilikuja nayo kutoka kwetu.

Sisi tumekua na mchezo wa sitini na moja. Ree, ile karata ya A, ina 11, saba ina 10, mzungu wa nne ambaye ndiye mfalme ana 4, ghulamu 3, malkia 2. Jumla 120, mwenye 61 kashinda, na asubuhi yake mtaa mzima unajua. Majina ya aina nne za karata ni ya Kireno: kopa, shupaza, uru, pau, hata turufu, ile aina inayozikata nyingine. Wareno walifika hapa na Vasco da Gama mwaka 1498 na nguzo yao bado imesimama pale ufukweni inapigwa picha na wageni. Mimi ukiniuliza, karata ndiyo zawadi iliyotufaa zaidi.

Sasa briji huchezwa kwa karata zote 52, watu wanne, wawili kwa wawili, kila mtu 13. Kwanza kuna mnada wa kuahidi mtakula mara ngapi na turufu ni ipi, kisha ndipo mnacheza. Na alama za kupima mkono ni nyingine kabisa: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Kuyakariri hayo ni kazi ya dakika moja. Kuyaamini kulinichukua miezi. Wiki ya pili nilishika maghulamu watatu, malkia wawili na mfalme mmoja, nikafungua mnada kwa moja bila turufu, yaani sita na moja, kula mara saba, dau ambalo kwa mtindo wetu lasema nina alama 15 hadi 17. Kichwani nilikuwa nimehesabu 17 safi. Kumbe kwa briji zilikuwa 10. Wakatupiga dabo, yaani adhabu maradufu, tukapungukiwa mara nne, na shemeji hakunisemesha hadi tulipofika nyumbani.

Mzee aliijua briji tangu ujana wake. Alikuwa karani wa stoo kwa Waitalia wa kituo cha San Marco, waliokuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa la baharini kule Ngomeni kuanzia miaka ya 1960. Jioni wahandisi walikaa wanne wanne mezani, na wakipungukiwa na mtu humwita yeye. Waitalia wa miaka hiyo walikuwa na haki ya kujivuna: timu yao, Blue Team, ilibeba kombe la dunia la Bermuda Bowl mara 13 kati ya 1957 na 1975. Mpaka leo Mzee huwataja Belladonna na Garozzo kama vijana wanavyowataja washambuliaji wa Arsenal. Pesa haziwekwi kwake, hata shilingi. Alitufundisha kwa sharti hilo.

Kutoka kwa Waitalia hao alichukua pia neno lililotutia matatani. Mnada ukiisha na karata ya kwanza ikitolewa, mwenzake yule anayecheza hulaza karata zake zote mezani wazi, naye hana tena la kufanya. Waitalia humwita maiti, na Mzee akatafsiri hivyo hivyo. Mkewe, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa, alisikia siku moja akitoka jikoni. "Barazani kwangu," akasema, "halazwi maiti usiku." Tangu hapo kwetu huitwa aliyelala.

Basi usiku ule aliyelala alikuwa shemeji. Akapanga: shupaza 5 na 2, kopa malkia, 8 na 3, uru ree, ghulamu, 10, 9 na 4, pau mfalme, 6 na 2. Mimi nilikuwa na shupaza ree, 7 na 4. Kopa ree, mfalme na 6. Uru malkia, 7 na 3. Pau ree, 8, 5 na 4. Mzee, aliyekuwa kushotoni kwangu, alikuwa ameanza na shupaza 6. Mezani nikatoa 2. Bintiye, mwalimu wa hesabu, akaweka malkia. Nami pap! nikamkanyaga kwa ree.

Barazani kwetu hiyo ndiyo akili. Ukimwona malkia mbele yako na una ree, unamla, kwa sababu ukichelewa mtu atakupiga turufu ubaki umeduwaa. Nikacheza malkia wa uru kumtega mfalme. Mzee akatoa ndogo, mezani nikatoa 4, na binti akaibuka na mfalme. Akarudisha shupaza 10. Hapo ndipo jasho lilinitoka. Walikula shupaza mara nne mfululizo, na yule mfalme wa tano. Nikabaki na mara nane za kwangu, moja pungufu ya ahadi.

Mzee alikusanya karata polepole. "Ree haiozi, mwanangu," akasema, basi.

Binti ndiye aliyezitandaza upya. Baba yake alikuwa na shupaza tano, yeye tatu. Ningeiachia shupaza ya kwanza, nikaachia na ya pili, nikala ya tatu, yeye angekuwa amemaliza zake. Halafu mfalme wake wa uru na ale, shupaza ya kumrudishia baba angeitoa wapi? Ningekula mara kumi. Na kama shupaza zingegawanyika nne kwa nne, bado wangekula tatu tu na mfalme, mimi nina tisa zangu. Ipo na hesabu ya kukumbuka ukicheza bila turufu, na kizuizi chako kwenye aina waliyoianza ni ree peke yake: chukua 7, toa idadi ya karata za aina hiyo mlizo nazo nyinyi wawili. Sisi tulikuwa na tano. Saba kutoa tano ni mbili, basi achia mara mbili.

Niliielewa palepale. Lakini kuelewa si kitu. Wiki iliyofuata nilifanya kosa lile lile kwa kopa, mkono ukatangulia kabla ya kichwa.

Dawa ilitoka jikoni. Bi Mkubwa hutuletea kahawa chungu ya tangawizi, kwenye vile vikombe vidogo visivyo na mkono, imetoka kwenye dele juu ya makaa. Mzee akatoa amri kwamba nikiwa mimi ndiye mchezaji, karata za aliyelala zikishalazwa, nisiguse kitu mpaka kikombe kiishe. Kahawa ile huwezi kuigugumia, itakuunguza ulimi. Unakishika kikombe kwa ncha za vidole, unapuliza, unanywa fundo, unapuliza tena. Macho nayo hayana pa kwenda ila mezani. Fundo la kwanza nahesabu nilizo na hakika nazo. Fundo la pili, zinazopungua zitatoka aina gani. Fundo la tatu, na hili ndilo lililonibadilisha: ni nani kati ya wale wawili nisiyetaka aingie? Katika karata ile nilikuwa na saba za hakika: shupaza moja, kopa tatu, pau mbili na ree ya uru. Mbili zilizobaki zilikuwa kwenye uru tu, na uru ningezitega kuelekea kwa binti. Kwa hiyo wa kukaushwa shupaza alikuwa binti. Yote hayo yalikuwa wazi kabla karata yoyote haijatoka mezani. Mimi sikuwa nimeangalia.

Mnada ulinishinda kwa njia nyingine. Shemeji ni muuza samaki, ananunua kwenye mnada wavuvi wanapoteremsha, na kule ni kumzidi mwenzako kabla hajafumbua mdomo. Briji aliichukulia hivyo hivyo. Mimi nilikuwa kinyume chake, nikiona karata dhaifu nasema pasi kama mtu anayekataa sahani kwa adabu. Siku moja alifungua moja ya kopa, ambayo kwetu humaanisha kopa tano au zaidi na alama kuanzia 12. Mimi nilikuwa na shupaza moja tu, kopa nne zenye malkia, uru tano zenye mfalme na ghulamu, pau tatu za takataka. Alama 6. Nikasema pasi, sina kitu.

Shemeji alikula mara kumi. Tukaandikiwa alama 170. Tungeahidi kumi, yaani nne ya kopa, tungepata 420, na hapo hatukuwa hata upande ulio hatarini, ule ambao zawadi na adhabu zake huwa kubwa zaidi. Ndivyo alivyoupanga mchezo huu Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini melini: cha ziada ambacho hukukiahidi hakihesabiwi kwenye zawadi kubwa. Mzee aliniuliza swali moja. "Zile kopa nne zako zilikuwa dhaifu kwa nani?" Nikabaki kimya. Nilikuwa nimezipima kana kwamba nacheza peke yangu. Kwa mtu mwenye kopa tano, nne zangu zinafanya tisa, na ile shupaza yangu ya pekee ni mlango: ya pili anaipiga turufu mezani. Alama 6 zangu zilikuwa mali, mbili ya kopa kwa uchache.

Tangu hapo, kabla ya kusema pasi hujiuliza shemeji ataisikiaje, wala si mimi naionaje. Yeye naye amepunguza kupandisha dau, ingawa usiku ambao nguru wamepanda bei hushikwa tena na wazimu wake.

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, tulikaa wale wale wanne. Niliahidi tisa bila turufu, shemeji akalala. Mezani palikuwa na uru sita: ree, mfalme, 7, 5, 3, 2, na nje ya uru hapakuwa na karata ya kuniingiza mezani. Mimi nina uru 6 na 4 tu. Kikombe mkononi, nikahesabu. Kwingineko nina nne. Zinahitajika tano za uru. Wenzetu wana uru tano, na binti alikwisha kunifundisha kwamba tano hugawanyika tatu kwa mbili mara 68 katika 100. Nikila ree na mfalme kwanza, bado mmoja wao ana uru, na nikishampa ya tatu nimefungiwa nje. Zile tatu zitabaki mezani zimelala na mwenyewe.

Nikamaliza kahawa. Nikacheza uru 4, na mezani nikaitisha 2.

"Shemeji!" Shemeji aliruka mkekani. "Una ree na mfalme hapo! Umelala?"

"Aliyelala ni wewe," Mzee akamwambia. "Na aliyelala hasemi."

Binti alikula kwa ghulamu, akanitazama kidogo, akarudisha kopa. Nikaila. Nikacheza uru 6 kwenda mezani, ree, halafu mfalme. Zote zilizokuwa nje zikaanguka. Saba, tano, tatu zikafuata, na shemeji akawa anazihesabu kwa sauti kama anauza samaki. Bi Mkubwa alitoka kuona kelele za nini, akakuta kikombe changu kitupu, akakijaza.