Barua Isiyofika: Romeo na Juliet Jukwaani na Kwenye Filamu

Katika tamthilia ya Romeo na Juliet, ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1595 na iliyochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1597, wapenzi hawafi kwa sababu ya chuki ya koo zao mbili, Montague wa Romeo na Capulet wa Juliet, peke yake. Wanakufa kwa sababu barua moja haikufika. Mtawa Laurence, baada ya kumpa Juliet dawa ya kumlaza usingizi unaofanana na kifo kwa muda wa saa 42, anamtuma mtawa mwenzake, John, apeleke barua katika mji wa Mantua, alikokwenda Romeo baada ya kufukuzwa kwao Verona, ili ajue kwamba msiba atakaousikia si wa kweli. John anamfuata mtawa mwingine aandamane naye safarini, wanashukiwa kuwa wameingia katika nyumba yenye tauni, wakaguzi wa mji wanawafungia milango, na barua inabaki mkononi mwake. Nimezitazama filamu nyingi zilizotokana na tamthilia hii, na jambo ninaloliangalia kwanza ni hilo: mwongozaji ameifanya nini barua? Jibu lake hunieleza anaamini nini kuhusu chanzo cha vifo vile, tena hunieleza kwa uwazi zaidi kuliko maleba, muziki au umri wa waigizaji, ambayo ndiyo mambo yanayozungumzwa sana.

Ili uzito wa barua uonekane, ni lazima kwanza tuone jinsi Shakespeare alivyoubana muda. Hadithi aliikuta katika utenzi mrefu wa Arthur Brooke uliochapwa mwaka 1562, ambamo mambo yanachukua miezi kadhaa na Juliet ana umri wa miaka 16. Shakespeare alimfanya binti huyo awe hajatimiza miaka 14, kisha akayasukuma matukio yote ndani ya siku zisizozidi tano. Jumapili asubuhi watumishi wanapigana barabarani, usiku wake kuna karamu. Jumatatu wapenzi wanafunga ndoa kwa siri, Mercutio, rafiki yake Romeo, anauawa na Tybalt, binamu yake Juliet, Romeo anamuua Tybalt kulipiza, na anafukuzwa mjini. Jumanne alfajiri Romeo anaondoka. Alhamisi, kabla ya jua kuchomoza, kaburi lina maiti watatu wapya. Katikati ya mbio hizo yupo Capulet, baba yake Juliet, ambaye kwa furaha ya kuona binti yake amekuwa mtiifu anaisogeza mbele siku ya harusi anayomlazimisha kufunga na mchumba aitwaye Paris, kutoka Alhamisi hadi Jumatano, na hivyo kumlazimisha anywe dawa usiku mmoja kabla ya wakati uliopangwa. Hakuna mtazamaji anayemlaumu sana kwa uamuzi huo, maana mwenyewe anaamini anafanya jambo la heri, lakini ndio unaoiondolea barua muda wake wa akiba.

Tena kuna tauni. Mercutio, akifa kwa upanga wa Tybalt katika ugomvi usiokuwa wake, anazilaani nyumba zote mbili kwa tauni. Msomaji huyapokea maneno hayo kama hasira ya mtu anayekata roho. Baadaye, karibu na mwisho, tauni halisi ndiyo inayomfungia mtawa John, na laana inatimia kwa namna ambayo hakuna mhusika hata mmoja anayeitambua. Mimi naliona hili kuwa moja ya maunganisho makubwa kabisa katika tamthilia yote, kwa sababu linaweka pamoja mambo mawili ambayo tungependa kuyatenganisha, yaani bahati mbaya na kosa. Bila ugomvi, Romeo asingekuwa Mantua. Bila tauni, barua ingemfikia huko. Shakespeare anakataa kutuambia kipi kati ya hivyo viwili ndicho muuaji.

Franco Zeffirelli, katika filamu yake ya mwaka 1968, aliiondoa tauni kabisa. Katika filamu hiyo mtawa John anasafiri juu ya punda, taratibu, huku Balthasar, mtumishi wa Romeo aliyeyaona mazishi ya Juliet kwa macho yake, akimpita njiani kwa farasi. Ni picha ya muda mfupi tu na haina maneno, lakini inaeleweka mara moja: habari ya uongo ina mwendo kuliko habari ya kweli. Ninaikubali kama kazi ya sinema, kwa kuwa kamera imeonyesha kwa jicho jambo ambalo jukwaani husimuliwa kwa mdomo. Hata hivyo kuna kilichopotea, maana laana ya Mercutio sasa haina mahali pa kutua. Zeffirelli alikuwa anatafuta ujana zaidi ya laana. Aliwachagua Leonard Whiting na Olivia Hussey, waliokuwa bado vijana wadogo kweli, wakati katika filamu ya George Cukor ya mwaka 1936 Romeo aliigizwa na Leslie Howard, mtu aliyekuwa amekwisha kuvuka miaka 40. Kwa Zeffirelli wapenzi wanakufa kwa kuwa damu yao ina kasi na dunia ya watu wazima ina punda.

Baz Luhrmann, mwaka 1996, aliihamishia hadithi katika mji wa kubuni uitwao Verona Beach, akapiga picha nyingi nchini Meksiko, akawapa vijana bastola zilizoandikwa majina ya silaha za zamani ili maneno ya Shakespeare kuhusu panga yaendelee kuwa na maana. Utangulizi wa tamthilia, ambao ni soneti, yaani shairi la mistari 14, unasomwa na mtangazaji wa habari kwenye runinga. Uamuzi huo umesifiwa sana kwa ubunifu wake, na unastahili, lakini kwangu thamani yake iko katika jambo jingine: huu ni mji uliojaa vyombo vya habari, helikopta, magari na mabango, ambamo kila mtu anajua kila kitu isipokuwa jambo moja linalohitajika. Barua inapelekwa na kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mjumbe anabisha hodi jangwani, hapati jibu, anaacha karatasi ya taarifa, na Romeo haioni. Hakuna tauni wala punda. Kuna utaratibu uliofuatwa ipasavyo na bado ukashindwa. Wengi hudhani kwamba hadithi hii haiwezekani tena katika zama za mawasiliano ya haraka. Luhrmann aliwajibu mapema, na jibu lake bado lina nguvu.

Mabadiliko mazito kuliko yote, hata hivyo, yamo katika West Side Story. Ilianza kama tamthilia ya muziki huko New York mwaka 1957, ikafanywa filamu mwaka 1961 chini ya Robert Wise na Jerome Robbins, kisha Steven Spielberg akaitengeneza upya mwaka 2021. Koo mbili zimekuwa makundi mawili ya vijana wa mtaani, Jets na Sharks wa Puerto Rico, na wapenzi ni Tony, wa upande wa Jets, na Maria, dada yake Bernardo, kiongozi wa Sharks. Hapa barua imekuwa mtu. Anita, ambaye mpenzi wake Bernardo ameuawa na Tony, anakubali licha ya uchungu wake kumpelekea Tony ujumbe kutoka kwa Maria. Anapofika dukani alikojificha Tony, vijana wa kundi la Jets wanamtukana kwa asili yake ya Puerto Rico, wanamsukuma, wanamvamia kimwili. Kwa hasira na aibu anaubadilisha ujumbe: anawaambia kwamba Maria ameuawa. Tony anakimbilia barabarani akitafuta kifo, naye anakipata. Hakuna ajali hapa. Ujumbe ulifika mlangoni kabisa na chuki ndiyo iliyougeuza kuwa sumu. Kile ambacho Shakespeare alikiacha katika utata, watunzi hawa wamekitolea hukumu, na ingawa naupenda ule utata wa asili, sijaona tukio lolote la filamu linaloeleza gharama ya ubaguzi kwa ufupi na ukali kama hili. Katika toleo la Spielberg, anayeingia na kuwazuia vijana wale ni Valentina, mwenye duka, aliyeigizwa na Rita Moreno, yule yule aliyekuwa Anita mwaka 1961 na akapata tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo. Mtazamaji anayeijua filamu ya kwanza anamwona mwanamke akiukatiza uovu uliotendwa dhidi yake miaka 60 kabla.

Baada ya barua huja kaburi, na hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi wanaoipenda filamu ya Luhrmann. Katika tamthilia, Romeo anasimama juu ya Juliet na kushangaa kwamba midomo na mashavu yake bado yana wekundu wa uhai. Anaiona dalili yenyewe, anaitaja kwa sauti, na haielewi. Hadhira inajua kwamba dawa inakaribia kuisha nguvu, na kila mstari anaoongeza katika hotuba yake ya mwisho unamsogeza Juliet karibu na kuamka, hata mtu anatamani Romeo aendelee kusema. Anakunywa sumu, anakufa, kisha ndipo binti anafumbua macho. Hawaonani. Mtawa Laurence, aliyechelewa, anaingia, anasikia kelele za walinzi, anaogopa na kukimbia, na mtoto asiyetimiza miaka 14 anabaki peke yake na jambia la mumewe.

Luhrmann alibadilisha mpangilio huo. Juliet anaanza kuamka wakati Romeo akiwa bado na chupa mkononi. Mkono wake unamgusa usoni katika dakika ile ile anapomeza, macho yao yanakutana, na Romeo anakufa akijua. Watu hulia, nami sioni ajabu. Jambo hili si jipya, kwani katika hadithi ya Luigi da Porto, iliyoandikwa Italia miongo mingi kabla ya Shakespeare, binti anaamka kabla mpenzi wake hajafa, na mwaka 1748 mwigizaji wa Uingereza David Garrick aliongeza mazungumzo marefu ya kuagana ndani ya kaburi, yakapendwa mno hata yakatawala majukwaa ya Uingereza kwa karibu miaka 100, mpaka mwigizaji mwanamke wa Marekani, Charlotte Cushman, alipourudisha mwisho wa Shakespeare jijini London mwaka 1845, yeye mwenyewe akiigiza Romeo. Kwa hiyo Luhrmann alirudia hamu ya zamani sana. Hamu hiyo naielewa: tunataka waonane hata kwa pumzi moja. Lakini kuonana huko, kwa uchungu wake wote, bado ni zawadi. Shakespeare aliikuta zawadi hiyo imekwisha kuondolewa katika utenzi wa Brooke na hakuirudisha, ingawa alikuwa na uhodari wote wa kuandika kuagana ambako kusingesahaulika. Mkasa wake ni mkasa wa kutokujua, na kila sekunde ya kujua inayoongezwa inaupunguzia ukali.

Sanjay Leela Bhansali alikwenda upande mwingine kabisa katika Goliyon Ki Raasleela Ram-Leela ya mwaka 2013, aliyoiweka Gujarat miongoni mwa koo mbili zenye uhasama wa muda mrefu. Ram na Leela wako pamoja, wanaonana, wanazungumza, kisha wanapigana risasi kwa hiari yao wenyewe, wakati ambapo upatanisho uko karibu na wao hawana habari. Sumu, dawa na kaburi vyote vimetoweka, ila kutokujua kumesalia, na ndiyo maana naiona kuwa karibu zaidi na Shakespeare kuliko nyimbo na rangi zake zinavyomfanya mtu adhani.

Kuna kitu kingine ambacho Zeffirelli na Luhrmann wote wawili walikikata: kifo cha Paris. Katika tamthilia, Romeo anamkuta mchumba huyo kaburini akileta maua, anamsihi aondoke, wanapigana, anamuua, kisha anatimiza ombi lake la mwisho kwa kumlaza karibu na Juliet. Naelewa kwamba muda wa filamu ni mfupi na kwamba mtazamaji hataki kumwona mpenzi akiua tena dakika chache kabla ya kufa. Hata hivyo, bila Paris tunampata Romeo aliye safi kuliko alivyoandikwa. Shakespeare alitaka tujue kwamba upendo wa kijana huyu, pamoja na ukweli wake wote, umemfanya aue mara mbili, na kwamba aliyeuawa mara ya pili alikuwa naye anaomboleza.

Na mwisho wenyewe umefupishwa kila mahali. Tamthilia haiishii kwenye jambia. Mtawa Laurence anasimama mbele ya Mtawala wa mji na kueleza yote tangu mwanzo, hotuba ambayo waongozaji huifuta kwa kuwa hadhira tayari inajua kilichotokea. Lakini wazazi hawajui, na hotuba ile ni kwa ajili yao. Inathibitishwa na barua nyingine, ambayo Romeo alimwandikia baba yake na kumwachia Balthasar, na hii inafika na kusomwa. Baada ya hapo Montague anaahidi kumtengenezea Juliet sanamu ya dhahabu tupu, na Capulet anaahidi ya Romeo isiyopungua thamani yake. Hata katika kupatana wanashindana kwa mali, jambo ambalo naamini Shakespeare aliliandika kwa makusudi. Luhrmann hana patano wala sanamu. Ana maiti wawili wanaopakiwa kwenye gari la wagonjwa, Mtawala anayepiga kelele kwamba wote wameadhibiwa, na runinga inayosoma habari.

Katika West Side Story kazi ya mtawa Laurence amepewa Maria, ambaye hafi. Anaichukua bastola iliyomuua Tony, anawaelekezea wale wa upande wake na wa upande wa pili, na kuwaambia wote kwamba wao ndio waliomuua Tony pamoja na Bernardo, kaka yake Maria, si kwa risasi bali kwa chuki, na kwamba sasa yeye naye anajua kuchukia. Kisha hafyatui. Hakuna mzee wa kuja kueleza kwa upole jinsi mambo yalivyotokea. Anayeeleza ni yule yule aliyepoteza kila kitu, naye analazimika kuishi baada ya kusema.