Siku moja maishani mwangu: chaki, Hosea na kina mama wa jioni

Saa 11:30 alfajiri
Chai ya rangi iko jikoni, nami nasoma Hosea sura ya 2 kwa sauti kabla nyumba haijaamka. Nafundisha Agano la Kale kwenye chuo kidogo cha Biblia pembezoni mwa Dodoma, na muhula huu tuko na manabii wa karne ya 8 kabla ya Kristo. Yule mwanamke wa sura ya 2, mke asiye mwaminifu aliye mfano wa Israeli mbele za Mungu, anaposema atawafuata wapenzi wake, hataji uzuri wao wala raha. Anataja chakula, maji, sufu, kitani, mafuta na kinywaji. Ni matumizi ya nyumbani matupu, na hapo ndipo nataka darasa lianzie.

Saa 2:00 asubuhi
Wanafunzi wangu wengi ni wainjilisti wanaolima. Novemba hii mashamba yameshasafishwa, mbegu za uwele na mtama ziko ndani, mvua bado. Sina haja ya kueleza sana kwa nini Baali, mungu wa mvua wa Wakanaani, alipendwa. Misri ilikuwa na mto Nile. Milima ya Efraimu, huko Israeli ya kaskazini, ilitegemea mawingu. Vibao vya udongo vilivyoanza kufukuliwa Ugarit, pwani ya Syria, mwaka 1929, vinamwita Baali mpanda mawingu. Mkulima wa Israeli hakumkana Yehova aliyewatoa babu zake utumwani. Alimheshimu, sikukuu zake akazishika, ila kwa habari ya mvua akaona ni busara amwendee pia fundi wa mvua.

Nawaandikia ubaoni: Kuntillet Ajrud, jangwa la Sinai. Uchimbaji wa 1975 na 1976 ulikuta hapo mtungi wenye maandishi ya baraka kwa jina la Yehova wa Samaria na Ashera wake; Ashera ni jina la mungu wa kike wa Wakanaani. Kisha Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, 1910: vipande vya vyungu vilivyoandikwa kumbukumbu za divai na mafuta, vyenye majina ya watu yaliyoundwa kwa jina la Yehova na mengine kwa jina la Baali. Mafuta na divai, vitu vilevile ambavyo Hosea analia kwamba mwenye kuvitoa hakutambuliwa.

Kijana mmoja wa nyuma ananyoosha mkono. "Mwalimu, si ndiyo hawa wa kwetu? Usiku kwa mganga, Jumapili wako kwenye kwaya." Darasa linacheka. Ni kweli, lakini siwaachi wakae hapo, maana mganga ni dhambi ya jirani na dhambi ya jirani haichoshi kuijadili. Tunafungua sura ya 4. Mashtaka hayaanzi na sanamu. Yanaanza na nchi isiyo na uaminifu wala fadhili, halafu kiapo cha uongo, uuaji, wizi, uzinzi. Kipande cha mti kinachoombwa shauri kinakuja baadaye, mstari wa 12. Anayevunja agano mahakamani na anayevunja agano juu ya kilima, kwa Hosea, ni mtu yuleyule.

Saa 4:00
Chai, mihogo ya kukaanga. Mabishano ya mganga yanaendelea bila mimi.

Saa 4:30
Kipindi cha pili ndicho kilichonitoa jasho. Nimeanza na agano kama mkataba wa mfalme mkuu na walio chini yake. Mwaka 672 KK, miongo kadhaa baada ya Hosea, Esarhadoni wa Ashuru aliwaapisha watawala waliokuwa chini yake wampende mwanawe Ashurbanipal kama nafsi zao. Kupenda kulikuwa siasa. Ndiyo maana Hosea anahesabu safari za wajumbe kwenda Ashuru na Misri kuwa uasherati sawa na kwenda kwa Baali. Mfalme Menahemu wa Israeli alimlipa Pulu, mfalme wa Ashuru, talanta 1,000 za fedha, akawatoza matajiri shekeli 50 kila mmoja.

Hapo akasimama mama mmoja, mwinjilisti wa miaka mingi, anayekaa mbele kwa sababu ya macho. "Samahani, Mwalimu. Mfalme ndiye aliyelipa, makuhani ndio waliokula sadaka. Mbona kosa lao limevalishwa gauni?"

Nilimsomea 4:14, ambapo Mungu anasema hatawaadhibu mabinti wala bibi-arusi, kwa kuwa wanaume wenyewe ndio wanaojitenga na makahaba. Nikaongeza kwamba walioshtakiwa 5:1 ni makuhani na nyumba ya mfalme. Wanaume wazima, wenye vyeo, wanaambiwa: Gomeri, yule mke wa Hosea asiye mwaminifu, ni nyinyi. Uchungu wa mfano uko hapo.

Alitikisa kichwa. "Na 2:3, kumvua nguo na kumuua kwa kiu? Mume wa mtaani kwetu akisema hivyo tunamwitia mwenyekiti wa mtaa."

Mama ana haki. Nilisema wazi, wachungaji watarajiwa wakisikia: anayetumia sura hii kumrudisha mke aliyepigwa nyumbani kwa mumewe hana kazi na Hosea.

Saa 7:00
Ugali na mlenda.

Saa 8:00 mchana
Nasahihisha insha. Nyingi zinasema Waisraeli waliabudu sanamu kwa ujinga. Kalamu nyekundu inafanya kazi. Moja imenizindua. Mwandishi amechukua nyoka wa shaba, ambaye Musa mwenyewe alimtengeneza na baadaye mfalme Hezekia akamvunja kwa sababu watu walimfukizia uvumba. Kisha akauliza mafuta ya upako yanayouzwa kwa chupa yako hatua ya ngapi kwenye njia hiyohiyo. Tahajia inatia huruma, alama nimempa za juu.

Saa 11:00 jioni
Kina mama wa jumuiya, Yeremia 44. Yerusalemu imeshaanguka, wakimbizi wako Misri, na nabii anawakemea kwa uvumba wanaomfukizia mungu wa kike aitwaye malkia wa mbinguni. Wanamjibu bila woga: tulipomfukizia tulishiba, tangu tuache, ni upanga na njaa.

"Hao wana hoja," akasema muuza vitumbua.

Wanayo. Mfalme Yosia wa Yuda alivunja madhabahu za miungu mingine kwa bidii, naye akauawa Megido mwaka 609 KK. Kisha wakaja Wababeli. Kwa aliyeyaishi, hesabu ilikubali. Yeremia anaikokotoa kinyume, kwamba uvumba ndio ulioleta upanga, na kitabu kimehifadhi majibu yote mawili. Tulipofika mstari wa 19, wanawake wanapouliza kama waliimimina ile sadaka ya kinywaji bila waume zao kujua, kicheko kilisikika barabarani. Nikawarudisha 7:18, ibada ya malkia huyo ikiwa kazi ya nyumba nzima: watoto wanaokota kuni, baba anawasha moto, mama anakanda unga.

Saa 3:00 usiku
Ujumbe kwenye simu, kutoka kwa yule mama wa asubuhi: "Mwalimu, Ezekieli 16 ikifika naomba niifundishe mimi." Ndiyo sura ngumu kuliko zote za mfano huu. Nimemjibu kipindi ni chake, mimi nitakaa nyuma na wale vijana.