Zamu ya usiku hutozwa ushuru wote, faida ya nyumba nusu

Mlezi wa wazee hapa Perth, Australia, akichukua zamu ya ziada ya usiku, kila dola anayopata inaingia kwenye hesabu ya ushuru. Mtu aliyenunua nyumba ya kupangisha, akakaa nayo zaidi ya miezi 12 kisha akaiuza, nusu ya faida yake haiguswi. Utaratibu huo ulianza 1999 chini ya serikali ya John Howard, na maseneta wa Australia wameuhoji. Novemba 2025 Seneti iliunda kamati teule, mwenyekiti wake Seneta Nick McKim wa chama cha Greens, ichunguze jinsi punguzo hilo la asilimia 50 linavyofanya kazi.

Katika makundi ya WhatsApp ya sisi Wakenya wa hapa, habari hii ilipita haraka, katikati ya michango ya matanga na bei za tikiti za ndege. Naomba tusiiache ipite, maana sisi tuko pande zote mbili za jambo hili. Wengi wetu ni wapangaji. Wengine, baada ya miaka ya kujibana, wana nyumba ya pili katika vitongoji kama Baldivis au Ellenbrook.

Punguzo hilo haliendi peke yake. Linaandamana na ruhusa ya kukata hasara ya nyumba kwenye mshahara. Chukua mfano wa muuguzi anayelipwa dola 95,000 kwa mwaka. Nyumba anayopangisha inamwingizia kodi ya dola 30,000, lakini riba ya benki, bima, ada ya wakala, ada za manispaa na matengenezo vinafika 45,000. Amepata hasara ya 15,000. Sheria inamruhusu aitoe kwenye mshahara wake, atozwe ushuru kama mtu aliyepata 80,000. Ukijumlisha na tozo ya Medicare, yaani bima ya afya ya taifa, anaokoa dola 4,800. Sasa mpe daktari bingwa mwenye mshahara wa 250,000 nyumba ile ile na hasara ile ile: yeye anaokoa 7,050. Aliye juu anasaidiwa zaidi, kwa nyumba moja.

Na kwa nini mtu akubali hasara mwaka baada ya mwaka? Kwa sababu anatarajia bei ipande, auze, na faida ikatwe nusu kabla haijatozwa. Hasara anaikata yote leo, faida atatozwa nusu kesho. Hapo ndipo mimi sioni haki, na nasema hivyo nikijua kwamba mtu anayeitumia sheria hii havunji chochote.

Mabishano haya yana umri mkubwa. Mwaka 1985 serikali ya Bob Hawke, Paul Keating akiwa Waziri wa Fedha, ilianzisha ushuru wa faida ya mauzo ya mali, na mwaka huo huo ikazuia hasara ya nyumba isikatwe kwenye mshahara. Wakati huo mfumuko wa bei uliondolewa kwanza kwenye faida, kisha kilichobaki ndicho kikatozwa. Zuio la hasara lilidumu miaka miwili tu. Septemba 1987 likaondolewa, wenye nyumba wakiwa wamelalamika kwamba kodi za wapangaji zimepanda. Zilipanda kweli, lakini kupanda kwa kutisha kulikuwa Sydney na hapa Perth, miji ambayo tayari nyumba za kupanga zilikuwa haba. Miji mikuu mingine haikuona kitu cha namna hiyo. Kama sheria ndiyo ingekuwa chanzo, ingeuma nchi nzima kwa pamoja.

Hofu ile bado iko hai. Bill Shorten, kiongozi wa chama cha Labor wakati huo, aliingia uchaguzi wa 2016 na wa 2019 akiahidi kubakiza ruhusa ya hasara kwa nyumba mpya peke yake na kushusha punguzo la faida hadi asilimia 25. Alishindwa mara zote mbili, na chama chake kikaiweka sera hiyo kando. Jirani zetu New Zealand, serikali ya Jacinda Ardern ilianza mwaka 2021 kuwazuia wenye nyumba za kupangisha wasikate riba ya mkopo. Serikali iliyofuata iliirudisha ruhusa hiyo yote kufikia Aprili 2025. Mbunge yeyote anayegusa jambo hili anajua historia hiyo.

Shemeji yangu ana nyumba ya kupangisha. Ni fundi umeme, hakurithi shamba wala kiwanja, na huniambia wazi: "Shemeji, hiyo nyumba ndiyo uzee wangu. Wakiniondolea nafuu nitauza, halafu nyinyi wapangaji mtaenda wapi?" Ni swali la haki. Akiuza, nyumba haiondoki mtaani. Itanunuliwa na mwekezaji mwingine, au na familia iliyokuwa ikipanga, na familia hiyo ikihama inaacha mahali pengine wazi. Lakini hesabu hailingani sawasawa. Vijana wetu wanaofika na visa za masomo hukaa watano au sita katika nyumba moja ya Mirrabooka au Balga ili wamudu kodi. Nyumba hiyo ikinunuliwa na mume na mke wenye mtoto mmoja, vijana wale hawaenei katika nafasi waliyoiacha hao watatu.

Mwanzoni mwa 2024, nyumba za kupanga zilizokuwa wazi Perth hazikufika hata moja katika kila mia. Nimeona foleni ya watu barabarani wakisubiri kukagua nyumba moja, kila mmoja na hati zake za mshahara na barua za udhamini, wengine wamebeba watoto. Katika mji wa namna hii, mabadiliko yakija kwa ghafla atakayeumia kwanza ni mgeni asiye na rekodi ya kupanga nchini. Ndiyo maana naunga mkono mabadiliko yatakayowagusa watakaonunua baada ya tarehe iliyotangazwa mapema, na yasiyomgeuzia sheria katikati ya njia mtu kama shemeji.

Tena yabague kati ya nyumba mpya na nyumba iliyokuwapo. Sehemu kubwa ya mikopo ya wawekezaji hapa hununua nyumba ambazo zimeshajengwa, zina watu ndani. Nafuu ya ushuru ikimwezesha mwekezaji kuizidi bei familia changa kwa nyumba ile ile, hakuna paa hata moja lililoongezeka nchini. Mwaka 1971, asilimia 64 ya watu wa umri wa miaka 30 hadi 34 walikuwa na nyumba zao. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 50. Sababu ni nyingi, zikiwemo uhaba wa mafundi na vibali vya manispaa vinavyochelewa, lakini nafuu iliyogharimu mabilioni ya dola kila mwaka lazima iulizwe imesaidia nini.

Wanunuzi wa mara ya kwanza nao wana nafuu zao, na hizo pia zihojiwe. Ruzuku ya kwanza ilitolewa Julai 2000, dola 7,000 kwa kila mnunuzi. Wanunuzi wote wakija na 7,000 zaidi mfukoni, muuzaji anajua, na bei inajua. Majimbo yamejifunza kitu hapo: jimbo letu la Australia Magharibi sasa hutoa ruzuku ya dola 10,000 kwa nyumba mpya tu. Lakini nafuu ya ushuru wa stempu, ule anaolipa mnunuzi wa nyumba, haibagui hivyo. Tangu Machi 2025 mnunuzi wa kwanza halipi kitu kwa nyumba isiyozidi dola 500,000, mpya au ya zamani, katika jiji ambalo bei ya kati imeshapita 700,000. Na tangu Oktoba 2025 serikali kuu humdhamini mnunuzi wa kwanza mwenye asilimia 5 tu ya bei, kwa nyumba ya hadi dola 850,000 hapa Perth. Najua wenzetu waliopata funguo kwa mpango huo na nimefurahi nao. Lakini anayekopa asilimia 95 atalipa riba kubwa kwa miaka mingi, na wanunuzi wanaongezeka leo wakati nyumba zinajengwa polepole.

Kisha kuna walio na visa za muda. Hao dhamana haiwahusu, kwani ni ya raia na wakazi wa kudumu. Na tangu Aprili 2025 hawaruhusiwi, ila kwa misamaha michache, kununua nyumba iliyokwisha kujengwa; zuio lilitangazwa hadi mwisho wa Machi 2027. Ushuru wa mshahara wanalipa kama sisi wengine, nao unachangia kuziba pengo la nafuu ambazo hawawezi kuzigusa.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi wenye ndoto ya kurudi nyumbani uzeeni. Nyumba unayoishi mwenyewe, ukiiuza, haitozwi ushuru wa faida. Lakini tangu katikati ya 2020, ukiwa umeshahama na si mkazi tena kwa hesabu za ushuru siku unapouza, msamaha huo unaupoteza, isipokuwa kwa mambo mazito kama kifo au talaka ndani ya miaka 6 ya kwanza. Haijalishi uliishi humo miaka 20. Anayetaka kumalizia siku zake Kilifi azungumze na mhasibu kabla ya kukata tikiti.

Kenya yenyewe ina nafuu ya aina hii. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi hukatwa kwenye mapato hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, lakini mikopo ya nyumba nchini ni kama 30,000 tu. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba awe na mkopo au asiwe nao. Wabunge wa Nairobi nao wangeweza kuuliza nafuu hiyo inamfikia nani.

Kamati ya Seneti ya hapa ilipokea maoni ya maandishi kutoka kwa mtu yeyote, raia au mgeni. Katika yangu niliomba wasilitazame punguzo la faida bila kuitazama na ruhusa ya hasara, kwa kuwa mtu hununua akizihesabu zote mbili. Niliomba pia kwamba fedha zitakazookolewa ziende kwenye nyumba za kupanga za bei nafuu katika vitongoji vyenye mabasi na treni, kwa kuwa anayetoka zamu saa moja asubuhi na hana gari anahitaji kufika kitandani. Shemeji aliyasoma, akakataa aya mbili, na akaandika ya kwake.